Ndoo ya lengalenga na udongo wa Lubumbashi

Wenzetu wengi wanaopanda mboga kwenye balkoni husema wanafanya hivyo ili kuokoa pesa. Sikubaliani nao. Lengalenga haina bei kubwa sokoni, na mtu akihesabu maji, mbolea na muda wake, ndoo tano za balkoni hazitambadilishia maisha. Faida ya ndoo katika mji huu ni nyingine: mwenye ndoo anachagua udongo.

Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki ukaangukia mitaa ya upande wa pili, Penga Penga ikiwemo. Shaba, risasi, kadimi na kobalti zimebaki ardhini, maana metali haiozi kama jani. Watafiti wa kilimo wamepima mboga za masoko yetu na kuzikuta humo. Mboga za majani ndizo za kuangaliwa zaidi: zinanyonya kutoka chini, na vumbi linazishukia kutoka juu. Kuosha kunaondoa lile la juu tu.

Mama anayelima nyuma ya nyumba hana la kuchagua. Ardhi yake ni hiyohiyo. Sisi wa ghorofani tunayo nafasi hiyo, halafu tunaichezea. Tunashuka na jembe, tunachota udongo wa kando ya barabara, tunajaza bidoni, tunapanda nao ngazi. Basi tumefanya nini? (Na bidoni yenyewe: iliyobeba asidi au dawa ya kiwandani isitumiwe, hata ikioshwa mara kumi.)

Udongo utoke mbali na migodi na nje ya njia ya moshi ule. Wa kichuguu ni mzuri, kwani mara nyingi una rutuba kuliko ardhi inayokizunguka, lakini hushikamana sana, kwa hiyo uchanganywe na mboji na mchanga. Toboa mashimo chini ya chombo. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne hivi. Nyanya inataka chombo kirefu na subira, na mimi subira hiyo sina. Uzito nao usisahauliwe: bidoni ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inakaribia kilo 30, na balkoni zetu nyingi ni za zamani.

Msomaji atauliza haya yanahusu nini jarida la lugha. Yanahusu, kwa sababu matokeo ya vipimo hivyo yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na anayeuza sombe sokoni anaongea Kiswahili. Mwambie kuna risasi kwenye udongo wake, atafikiria bunduki. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tuketi na wenzetu wa kilimo, tutoe ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili kinachosemwa hapa mjini na si cha kamusi: upepo unaelekea wapi, udongo gani uepukwe, chombo gani kisitumiwe. Neno risasi ndilo litakalotusumbua kwanza. Napendekeza tuandike “risasi ya betri”, maana fundi wa magari yupo karibu kila mtaa, na wengi wetu tumeshaona betri ikipasuliwa.