Fedha za Watu Binafsi katika Hospitali za Umma: Hoja Itazamwayo kutoka Msuka

Kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, karibu na mahali nchi kavu inapokwisha, pana Msuka, mji wa wavuvi na wakulima wa mwani ambao mihrabu ya msikiti wake wa kale imechorwa mwaka 816 wa Hijria, sawa na 1414 wa Miladi. Na mgonjwa wa huko ambaye maradhi yake yamewashinda matabibu wa karibu hupelekwa Micheweni, au Wete, au Chake Chake, na yakizidi huvushwa bahari hadi Unguja, na katika kila kituo cha safari hiyo jamaa zake huulizana kwanza ni kiasi gani kitakachodaiwa, na nani atakayekitoa. Nimechagua kuitazama kutoka huko hoja ya kutumia fedha za watu binafsi katika hospitali za umma, kwa sababu aghalabu huzungumzwa kwa lugha ya mahesabu na watu wenye mishahara, ilhali uzito wake hasa humwangukia mtu ambaye kipato chake hutegemea bamvua na upepo, katika wilaya ya Micheweni, ambayo tafiti za Serikali yenyewe zimekuwa zikiitaja kuwa ndiyo yenye umasikini mkubwa kuliko zote Zanzibar.

Tarehe 3 Machi 1965, Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba matibabu yatakuwa bure kwa watu wote wa Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo ahadi ile imekuwa ni deni baina ya dola na raia, deni ambalo kila serikali iliyofuata imelikiri kwa ulimi hata pale mkono ulipokuwa mfupi. Maana watu wameongezeka, na kwa sensa ya 2022 Pemba peke yake ina watu zaidi ya 540,000, na dawa na vipimo vya zama hizi vina gharama ambayo mwaka 1965 hakuna aliyeweza kuikisia. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo mzigo huu ni wa Hazina ya Zanzibar. Ulipotolewa mwaka 2021 mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili athari za UVIKO-19, fungu la Zanzibar lilikuwa shilingi bilioni 230, na sehemu ya fungu hilo ikajenga hospitali za wilaya, ya Micheweni ikiwa mojawapo. Kuta, basi, zimesimama kwa mkopo wa umma. Kilichobaki, nacho ndicho kigumu zaidi, ni kuzipa kuta hizo uhai wa kila siku: mashine za picha zisizozimika, maabara yenye vitendanishi, dawa kabatini, shuka safi vitandani. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa kwa makampuni, kwa kuegemea sheria ya ubia baina ya Serikali na sekta binafsi ya mwaka 2015, na kwa kutaraji malipo ya Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa kwa sheria ya 2023.

Wako wanaolipinga jambo hili kwa kusema kwamba mali ya mtu haikupata kuwa na nafasi katika tiba ya umma visiwani kwetu. Tarehe haiwaungi mkono. Lile jumba la ghorofa lenye roshani za nakshi liangaliapo bandari ya Unguja, ambalo wengi hulijua kwa jina la Zahanati ya Zamani, lilianzishwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan awe ameacha mahali pa kutibiwa watu. Alipofariki mwaka 1891 kazi haijamalizika, mjane wake akaikamilisha, na baadaye jumba likaingia mikononi mwa tajiri mwengine, Haji Nasser Nur Mohamed, aliyefungua zahanati katika sakafu ya chini huku ghorofa za juu zikipangishwa. Na kabla ya hao, katika miji ya Waislamu, zilikuwako hospitali za Nuruddin kule Damascus na ya Sultani Qalawun kule Cairo, zilizosimama karne nyingi kwa mapato ya maduka, mashamba na hamamu zilizowekwa wakfu, wala hazikumwuliza mgonjwa mlangoni ana nini mfukoni. Hapa Pemba penyewe, Wawi, pana Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na taasisi ya Kitaliano iliyopewa jina la mtaalamu huyo wa vimelea; na yeyote ajuaye jinsi kichocho na matende vilivyowatesa watu wa kisiwa hiki hawezi kusema kwamba fedha ile iliyotoka nje ya Hazina ilipotea bure.

Lakini tuangalie hao wote wana sifa gani moja. Aliyetoa alitoa, ikawa basi. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi Hazina mwisho wa mwaka kudai fungu lake. Wakfu humnyima hata mwenye kuuweka haki ya kuuchukua tena, na ndiyo maana ukaweza kudumu. Mwekezaji wa leo ni mtu wa namna nyengine kabisa, na simlaumu kwa hilo, kwani naye amekopa benki, ana washirika wanaomdai, na biashara ni halali. Ila ni dhuluma kwa akili ya msomaji kumvika mfanyabiashara kanzu ya mfadhili, na kusema kwamba kampuni imeisaidia Serikali kujenga hospitali, pale ambapo kampuni imeikopesha Serikali hospitali, na kila senti itarudi pamoja na faida yake kutoka kodi za watu wale wale.

Waingereza, ambao walianza mpango wa namna hii mwaka 1992 na kuufikisha mbali kuliko taifa jengine, wametuachia hesabu iliyo wazi. Mkaguzi wao mkuu alieleza mwaka 2018 kwamba miradi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa zaidi ya 700, yenye thamani ya ujenzi ya takriban pauni bilioni 60, na kwamba malipo yaliyokuwa bado yakingoja, mpaka miaka ya 2040, yalikuwa pauni bilioni 199, ambamo mna gharama za uendeshaji pamoja na za mtaji; na katika mwaka huo huo serikali yao ikatangaza kwamba haitasaini mradi mpya wa aina hiyo. Nchi tajiri huweza kuubeba mzigo kama huo kwa kuguna. Lesotho haikuweza. Hospitali ya Malkia 'Mamohato ilifunguliwa Maseru mwaka 2011 kwa mkataba wa miaka 18 na kundi la makampuni lililoongozwa na Netcare ya Afrika ya Kusini, Benki ya Dunia kwa mkono wake wa biashara ikiwa ndiyo mshauri. Na insafu inatutaka tukiri kwamba tiba ilikuwa bora kuliko ya hospitali iliyotangulia, hata waliopima walikuta vifo vya wodini vimepungua. Lakini malipo yalipanda mpaka shirika la Oxfam, mwaka 2014, likakadiria kuwa hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza asilimia 51 ya bajeti yote ya afya ya nchi. Benki ya Dunia ilizipinga hesabu hizo, ila hata kwa kadirio la chini bado fungu lilikuwa kubwa mno kwa jengo moja la mji mkuu, ilhali watu wengi wa Lesotho huishi vijijini. Mwaka 2021 Serikali ikauvunja mkataba kabla ya muda wake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, kwa bahari na kwa lugha, ni wa Kenya. Mwaka 2015 Serikali Kuu ya huko ilikodi mashine za hospitali kutoka kwa makampuni makubwa ya ng'ambo kwa mkataba wa miaka saba wa shilingi za Kenya bilioni 38, zigawiwe hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za taifa. Kila kaunti, Mombasa yenye hospitali kubwa sawasawa na Lamu yenye visiwa vyake, ilikatwa kwanza shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye 200, kabla fedha haijafika mikononi mwake. Kamati ya Seneti ilipokwenda kukagua, na ripoti yake ikatoka mwaka 2020, ilikuta mahali mashine zimekaa bila kufunguliwa kwa kukosekana umeme wa kutosha, au chumba cha kuzitia, au mtaalamu wa kuzitumia, na kodi yake ikilipwa vile vile. Magavana nao walilalamika kwamba wanalipia mkataba ambao hawakuonyeshwa.

Katika habari hiyo ya Kenya ndimo ninamoiona hatari yetu sisi. Mashine ya picha ipelekwayo Micheweni kwa mkataba unaosema malipo yatatolewa madhali mashine ipo, iwe imefanya kazi au haikufanya, humwondolea mwenye mashine kila sababu ya kujali kama pana mtu wa kuiendesha. Geuza sharti, ulipe kwa kila kipimo kilichofanywa, na hapo huzuka taksiri ya upande wa pili: vipimo huongezeka kuliko maradhi, hasa pale mlipaji anapokuwa ni Mfuko ulio mbali na mgonjwa. Hakuna sharti lisilo na hila ndani yake, na kwa hivyo kazi ya Wizara haimaliziki kwa kusaini. Huanzia hapo, na huhitaji wahasibu na wanasheria wenye ujuzi sawa na wa kampuni, ambao nao wana gharama yake, na gharama hiyo sijapata kuiona ikihesabiwa watu wanapousifu ubia kwa kuokoa fedha.

Wanaoutetea ubia wana hoja moja ambayo haijuzu kuipuuza. Husema: mnazungumza kama kwamba tiba ya bure ipo na sisi twataka kuiondoa, ilhali mtu wa Pemba analipa tangu zamani, akinunua dawa duka la dawa baada ya kuambiwa dirishani kwamba hakuna, akipanda boti kwenda Unguja au Dar es Salaam kufuata kipimo ambacho mashine yake imeharibika hapa, akiuza mkarafuu mmoja au mbuzi wawili ili amtibu mama yake. Wanasema kweli. Utaratibu wa Serikali wa kununua kipuri huweza kuchukua muda ambao mgonjwa hana, na kampuni inayopoteza fedha kila siku mashine inapolala itamleta fundi upesi. Mimi naikubali hoja hii yote, na ndiyo inayonizuia kusema kwamba kampuni zifukuzwe. Usafi, chakula, maabara, picha, yote hayo yaweza kufanywa na mtu binafsi, na yakafanywa vizuri.

Nisichokikubali ni kumwachia huyo mtu binafsi mlango. Mfuko wa Huduma za Afya ulianza na watumishi wa umma, jambo jepesi, kwa kuwa mchango wao hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Lakini mvuvi wa Msuka hana karatasi ya mshahara, wala mwanamke anayefunga mwani kwa kamba pwani na kuuza kilo kwa bei apangiwayo na mnunuzi. Akifika hospitalini ambamo maabara ni ya kampuni na dawa ni za kampuni, nani atakayemlipia? Kama jibu ni Serikali, na liandikwe katika bajeti kwa tarakimu, kila mwaka, kabla malipo ya mwekezaji hayajatengwa. Pasipo kuandikwa hivyo, ahadi ya 1965 itakuwa imefutwa na karani wa dirishani, bila ya Baraza la Wawakilishi kuwahi kuulizwa.

Wazee wetu wa biashara walikuwa na utaratibu wao wa kushirikiana baina ya mwenye mali na mwenye kazi, nao ni mudharaba: faida wagawane kwa walivyopatana, na hasara ya mali, pasipo uzembe, imwangukie mwenye mali. Kwa kipimo hicho, mikataba mingi iitwayo ya ubia haina ubia ndani yake, maana mwekezaji amedhaminiwa malipo yake kwa fedha za kigeni au kwa idadi ya wagonjwa iliyowekwa kabla, na hasara yote amebebeshwa raia. Atakaye kuchuma katika maradhi ya watu wa Pemba na abebe pia khatari ya mwaka ambao mapato yamekuwa haba.

Na mkataba usomwe. Uwekwe mbele ya Baraza kwa Kiswahili, pamoja na viambatanisho vyake, kwani makampuni aghalabu huficha sharti zito katika viambatanisho kwa kisingizio cha siri ya biashara, na deni litakalolipwa na watoto wetu haliwezi kuwa siri ya mtu. Ndani yake yatajwe mambo ambayo watia saini hawapendi kuyafikiria siku ya sherehe: mashine itakuwa ya nani muda ukiisha, na ikiwa katika hali gani, mafundi na wataalamu wangapi wa Pemba watakuwa wamefundishwa kuiendesha na kuitengeneza, nani anamiliki kumbukumbu za wagonjwa. Mkataba wa miaka kumi usioyataja hayo utatuachia, mwaka wa kumi na moja, chumba chenye mashine ambayo hapana mtu wetu aijuaye, na utatulazimisha kusaini tena kwa bei atakayoitaja yule yule aliyeileta.