Nani Apewe Hotuba Kuu kwenye Tamasha la Kompyuta za Zamani?

Mei 2019, Ken Thompson alipanda jukwaani kwenye tamasha la kompyuta za zamani huko Wall, New Jersey. Nusu karne kabla ya siku hiyo yeye na Dennis Ritchie walikuwa wameanzisha Unix, mfumo endeshi ambao vizazi vyake vinaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti hadi leo. Hakutoa hotuba. Aliketi akahojiwa na Brian Kernighan, mwenzake wa miaka mingi katika maabara ya Bell Labs. Alieleza, kwa mfano, jinsi programu ya grep ilivyotokea: alikuwa nayo tayari kama chombo chake mwenyewe cha kutafuta maneno ndani ya mafaili, na mkuu wake Doug McIlroy alipotamani kitu cha namna hiyo, aliisafisha usiku mmoja na kumkabidhi. Video ya mazungumzo hayo imetazamwa na watu wengi mno, na ni rahisi kuhitimisha kwamba siri ya hotuba kuu ni kumpata mtu mwenye jina. Naona hitimisho hilo linapotosha. Saa ile ilifaulu kwa sababu Thompson alisimulia mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa Unix, na kwa sababu aliyemuuliza alikuwapo na alijua pa kuchimba. Jina lilijaza ukumbi, lakini halikuyatoa hayo.

Matamasha haya yalianza mwaka 1997, Sellam Ismail alipoandaa la kwanza huko Pleasanton, California. Tangu mwaka 2000 kuna la Munich, Ujerumani, na Marekani yenyewe sasa ina ya Magharibi, Mashariki na eneo la Chicago. Sifa yake kuu ni kwamba mashine haziwekwi nyuma ya kioo. Zinawashwa, zinaguswa, mtoto anacheza mchezo wa mwaka 1982 kwenye Commodore 64, na mzee anakuta chapa ya kibodi aliyoitumia ujanani. Sehemu hiyo haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye hotuba kuu, kwa kuwa saa za jukwaani ni chache na wanaostahili kuzipewa ni wengi. Msimamo wangu ni huu: apewe mtu mwenye maarifa ambayo yeye akiondoka yatakuwa yamepotea, na sifa yake kwa umma iwe jambo la baadaye kabisa.

Sababu ya kwanza inatokana na asili ya kompyuta yenyewe. Chuma na plastiki vinaweza kudumu kabatini kwa miaka sitini, na anayevihitaji atavipata mnadani. Ujuzi wa kuviendesha haudumu hivyo. Hakuna ushahidi mzito kuliko ule wa Colossus, mashine iliyosaidia Waingereza kufumbua mawasiliano ya siri ya majeshi ya Hitler huko Bletchley Park kuanzia mwaka 1944. Baada ya vita, nyingi ya mashine hizo zilivunjwavunjwa, na Tommy Flowers, mhandisi wa idara ya posta aliyezibuni, aliamriwa kuangamiza nyaraka zake, akazitia motoni. Siri ilidumu hadi miaka ya 1970. Mhandisi Tony Sale alipoamua kuijenga upya mwaka 1993, alikuwa na picha nane zilizopigwa mwaka 1945 pamoja na vipande vya michoro ya saketi ambavyo wahandisi wachache walikuwa wamevificha kinyume cha amri. Kilichobaki kilikuwa vichwani mwa wazee. Sale aliwafuata mmoja mmoja. Mwaka 1996 mashine ikawashwa, Flowers mwenyewe akiwapo. Alifariki miaka miwili baadaye. Kazi yote ilikamilika mwaka 2007. Kama Sale angechelewa miaka kumi kuanza, sidhani kama Colossus ingekuwa inafanya kazi leo. Na kwa miongo kadhaa Flowers hakuwa na jina lolote la kumfikisha jukwaani. Vitabu vya historia ya kompyuta viliandikwa bila yeye.

Mtu anaweza kusema Colossus ni mfano wa pekee kwa sababu ya usiri wa vita. Basi tuitazame IBM 1401, mashine ya biashara isiyo na siri yoyote, iliyotangazwa mwaka 1959 na kutengenezwa zaidi ya elfu kumi. Miongozo yake ipo, michoro ipo. Hata hivyo, Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya Mountain View yalipotaka kufufua mashine mbili za aina hiyo, kazi iliangukia mikononi mwa watu wa kujitolea, wakiwamo wastaafu wa IBM waliowahi kuwa mafundi wa kuzunguka kwa wateja. Mwongozo unakueleza kifaa kinapaswa kufanya nini. Fundi anajua kifaa kinaharibikaje, kinatoa sauti gani kabla ya kugoma, na ni marekebisho gani yalifanywa ofisini kwa wateja bila kuandikwa popote. Huyo ndiye ambaye kamati ya tamasha ikipitia orodha ya majina haimwoni, maana jina lake halikuchapwa kwenye jarida lolote.

Muda nao hauko upande wetu. Chuck Peddle, kiongozi wa timu iliyotengeneza chipu ya 6502 iliyouzwa kwa dola 25 mwaka 1975 na kufungua njia kwa kompyuta za nyumbani, alifariki Desemba 2019. Thomas Kurtz, ambaye pamoja na John Kemeny aliunda lugha ya BASIC katika chuo cha Dartmouth, alifariki Novemba 2024. Mwezi uliofuata akafariki Donald Bitzer, baba wa PLATO, mfumo wa kufundishia ulioanza mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois na ambao watumiaji wake walikuwa wakiandikiana ujumbe na kucheza michezo kwa pamoja miaka mingi kabla ya intaneti kumfikia mtu wa kawaida. Hawa watatu angalau walihojiwa mara nyingi na maneno yao yamehifadhiwa. Wenzao waliochora saketi, walioandika masomo ya PLATO, waliofunga mitambo, wana umri ule ule, na wengi hawajaulizwa swali hata moja.

Tukichagua kwa umaarufu tunarudia pia upungufu ambao umaarufu ulizaliwa nao. Kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia Februari 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakutambulishwa. Miaka arobaini baadaye Kathy Kleiman, akiwa bado mwanafunzi, aliuliza wanawake wanaoonekana kwenye picha za mashine hiyo ni akina nani, akaambiwa ni wanamitindo waliosimamishwa kupendezesha picha. Hakuridhika. Aliwatafuta, akawarekodi waliokuwa bado hai, na leo tunajua kwamba walilazimika kuielewa mashine kutokana na michoro yake, kwa kuwa hapakuwa na lugha ya programu wala kitabu cha kufundishia. Frances Bilas, wa mwisho kati yao, alifariki mwaka 2012, na zama hizo zikafungwa. Vivyo hivyo kwa kiwanda cha kampuni ya chipu ya Fairchild kilichokuwa Shiprock, New Mexico, katika ardhi ya Wanavaho, kati ya mwaka 1965 na 1975. Mamia ya wanawake wa Kinavaho waliunganisha vipande vya saketi huko kwa mikono. Simtaji mfanyakazi wa Shiprock kwa huruma, wala sisemi jukwaa ligawanywe kwa mafungu ya jinsia na makabila. Namtaja kwa sababu anajua namna chipu zilivyotengenezwa kwa undani ambao mkurugenzi wa kampuni hakuwahi kuugusa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha. Matamasha haya huendeshwa na watu wa kujitolea. Ukumbi unalipiwa, bima inalipiwa, na bango lenye jina la Steve Wozniak wa Apple huuza tiketi kuliko bango la fundi mstaafu. Hilo siwezi kulikana. Ila tamasha la eneo la Chicago halitozi kiingilio, na limekua mwaka hadi mwaka likitegemea michango, meza za wauzaji na mnada. Watu wanafuata mashine, na wanafuatana wenyewe kwa wenyewe. Kuhusu Wozniak, ambaye namheshimu sana kama mhandisi, simulizi zake za Apple ya kwanza zimo katika kitabu chake cha mwaka 2006 na katika mahojiano yasiyohesabika. Kumwalika kurudia yale yale ni kutumia saa adimu kwa kitu ambacho mtu anaweza kukipata akiwa sebuleni. Akija, aulizwe ambayo hajawahi kuulizwa: saketi moja ya kiendeshi cha diski cha Apple II, mstari kwa mstari, na mtu anayeijua. Hapo mimi mwenyewe nitamtetea.

Pingamizi la pili linahusu kumbukumbu. Wazee husahau, na wengine hupamba. Ni kweli, na wenye majina hawajanusurika. Desemba 2007, kwenye maadhimisho ya miaka 25 ya Commodore 64, Jack Tramiel aliyeiongoza kampuni ya Commodore alikadiria kwamba ziliuzwa kati ya milioni 20 na milioni 30. Waliokuja kulinganisha namba zilizobandikwa chini ya mashine zenyewe walifika kwenye takriban milioni 12.5. Kisa cha Gary Kildall, mtengenezaji wa mfumo endeshi, mwaka 1980 nacho hakijatulia: wapo wanaosema aliikosa bahati ya kuiuzia IBM mfumo wake kwa sababu alikwenda kurusha ndege yake siku wageni walipofika, na waliokuwapo hawakubaliani juu ya kilichotokea mezani. Kinachoonekana katika visa vyote viwili ni aina ya swali. Ukimuuliza mtu kuhusu ushindi wake, mauzo yake au nani alikuwa wa kwanza, utapata hadithi iliyolainishwa kwa kurudiwa. Ukimuuliza mikono yake ilifanya nini, waya gani ulikatika na waliurekebishaje, jibu linaweza kupimwa kwenye mashine iliyopo hatua chache kutoka jukwaani. Tamasha la kompyuta za zamani lina nafasi hiyo ya uhakiki kuliko mkutano wowote wa wanahistoria, na ni ajabu kwamba mara nyingi haitumiki.

Kuhusu watengenezaji wa video mtandaoni, ambao siku hizi wanaweza kujaza ukumbi kuliko wavumbuzi, nitasema machache. Wamefanya kazi kubwa ya kuvutia vijana na kuokoa mashine nyingi zisiishie jalalani. Wapewe warsha na meza nzuri. Hotuba kuu wasipewe, kwa sababu tu maneno yao yanapatikana kila wiki na yatapatikana mwakani.

Mahali tamasha linapofanyika pazingatiwe pia. Lile la New Jersey liko Camp Evans, kituo ambako Januari 1946 jeshi la Marekani lilirusha mawimbi ya redio hadi mwezini na kuupokea mwangwi wake. Bell Labs iko jimbo hilo hilo, Philadelphia ya ENIAC si mbali, na huko Camden kampuni ya RCA ilikuwa na kitengo cha kompyuta. Mashine yake ya RCA 301 iliuzwa na Waingereza wa ICT kwa jina la ICT 1500, na kwa jina hilo ikafika Dar es Salaam mwaka 1965 kuwa kompyuta ya kwanza ya Tanzania, katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mtu aliyeiendesha mashine hiyo mahali ambapo kipuri kilipaswa kuvuka bahari angeweza kuwaeleza watu wa New Jersey jambo kuhusu mtambo wao ambalo aliyeuchora hakuwa na njia ya kulijua. Kama kamati ingemtafuta mtu wa namna hiyo na kumpa saa moja, hata kwa njia ya video, ningeiona hotuba hiyo kuwa na thamani kuliko ya bilionea yeyote.

Haya yote yanaidai kamati kazi ya miezi, na barua pepe moja kwa mtu maarufu haiwezi kuwa mbadala wake. Mfanyakazi asiyezoea jukwaa asiachwe peke yake na kipaza sauti. Awekwe karibu na mashine yake ikiwa imewashwa, na mhojaji awe amekwisha kukaa naye na kupitia nyaraka zake. Rekodi kamili ikabidhiwe makumbusho, pamoja na picha za daftari na michoro aliyokuja nayo. Na utafutaji uanze kwa wakongwe zaidi. Programu ya kwanza ya BASIC ilitekelezwa Dartmouth alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, kwenye mfumo ulioandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Aliyekuwa na miaka ishirini alfajiri hiyo amekwisha kupita themanini. Kamati inayopanga tamasha la mwakani inaweza kuanza na orodha ya wanafunzi hao.