Kupiga Picha Nebula Uani Si Kupiga Falaki

Ukimwambia mtu wa pwani kwamba unakesha bustanini na kamera ukitafuta nebula, hakosi wa kukuuliza: umeanza kupiga falaki? Neno ndilo linalotuponza. Falaki ni elimu ya mwendo wa nyota, na ni neno hilohilo la mpiga ramli. Sisi tunasema anayezitazama nyota ili ajue nani atamwoa hana tofauti na mpiga bao. Anayezitazama ili azijue yumo katika tafakuri, na sura ya An-Najm imeitaja Shi'ra kwa jina.

Tena mwenye bustani Bagamoyo amependelewa. Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa, hupita karibu kabisa na utosi wa mji ule. Mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, tazama juu kati ya saa tatu na saa nne usiku. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari. Kando yake zipo nyingine hafifu, na ya katikati imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndiyo hiyo. Iko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi: mwanga unaoingia kwenye kamera yako uliondoka huko Uislamu ungali mchanga.

Kamera yenye lenzi ya milimita 50 inatosha, na stendi. Piga picha nyingi za sekunde 5 kila moja, kisha ziunganishe kwa programu. Jicho litaona kijivu, picha itatoa wekundu wa haidrojeni. Futa lenzi mara kwa mara. Hewa ya bahari haina huruma.

Kinachotukera ni taa. Mng'ao wa Dar es Salaam uko kusini, na sasa nyumba mpya za njia ya Bagamoyo zinafunga taa kali zinazomulika juu, kana kwamba mwizi atashuka kutoka mbinguni! Hatumwambii mwanamke akae gizani. Taa ielekezwe chini tu, ivishwe kofia.

Na wanaosema haya si ya wanawake? Karne ya 10, mjini Aleppo, al-Ijliyya, binti wa fundi, alitengeneza astrolabu, vyombo vya kupimia nyota, katika utumishi wa Sayf al-Dawla. Wala huhitaji kutoka usiku, uani panatosha. Watoto wakilala, zima taa ya jikoni, weka simu mbali, na lipe jicho dakika 20 lizoee giza.