Mambo ya Nyumbani: Mlinzi wa Kompyuta na Leseni Yake

Tangu kompyuta zilipoingia katika nyumba zetu za Kabanga, na Ngara, na Biharamulo, tumeulizwa mara nyingi: Ni programu ipi ya kuzuia virusi inayofaa? Tena, je, imempasa Mkristo kuinunua, au atumie ile ambayo fundi humwekea kwa shilingi chache? Maswali haya ni mawili, lakini jibu la la kwanza lasaidia sana jibu la la pili.

Yafaa kwanza tujue adui apitia njia gani. Kwetu huku mara nyingi huja mfukoni. Mwalimu achukua flashi yake kwenda dukani kuchapisha mtihani. Huichomeka katika kompyuta ambayo siku ile imekwisha kupokea flashi za watu wengi. Kisha arudi nayo nyumbani. Akiifungua aona folda zake zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo, kila kimoja na jina lile lile la folda yake. Akibofya kimoja, ndipo kirusi kinapoingia katika kompyuta yake mwenyewe. Wengi wakiona hivyo hudhani kazi yao yote imepotea, nao huifuta flashi nzima. Msiwe na haraka hivyo! Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, wala hayakufutwa, na mtu ajuaye kazi aweza kuyafichua kwa muda mfupi.

Kiko kirusi kingine kibaya zaidi, kile kinachofunga mafaili na kudai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikashindwa kuwapokea wagonjwa wao kama ilivyo desturi. Nayo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya ufa ule mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuipokea. Basi fikirini rejista ya ubatizo, na hesabu ya sadaka, na alama za watoto wa shule za miaka mitatu, zote zikifungwa usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 inaye mlinzi wake ndani, aitwaye Microsoft Defender, wala hadai leseni ya pili. Huko Magdeburg, Ujerumani, iko taasisi iitwayo AV-TEST ambayo kazi yake ni kuzijaribu programu hizi kwa virusi vya kweli, nayo imempa Defender alama za juu mara nyingi katika miaka hii. Kwa nyumba yenye kompyuta moja, ya kuandikia barua na mitihani na hesabu, sisi twaona anatosha. Walakini ni lazima apate habari za virusi vipya. Twajua kwamba wengi wamezima masasisho kwa kuogopa kumaliza bando, na bando ni fedha. Afadhali mwaambie kompyuta, katika mipangilio ya mtandao, kwamba njia hiyo ni ya kupimwa, ili isivute mizigo mikubwa bila ruhusa. Kisha chagueni siku moja katika juma ya kuiacha ipokee yote.

Ziko na nyingine za bure, na baadhi yake ni njema. Lakini msipokee kila kitu kwa sababu ni bure. Avast ni jina linalojulikana sana. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliitaka kampuni hiyo ilipe dola milioni 16.5, kwa kuwa iliuza habari za kurasa ambazo watu walizitembelea, wakati ilikuwa imewaahidi kuwalinda. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Na ile ya fundi je? Hapa hatutazunguka. Programu iliyovunjwa, inayofunguliwa kwa ufunguo wa wizi, ni mali ya mtu iliyochukuliwa pasipo ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta kama izilindavyo vitabu. Mtu asiyethubutu kukata mkungu wa ndizi katika shamba la jirani, mbona huu auona si kitu? Na mwalimu atawakatazaje watoto kuiba mtihani, hali mtihani wenyewe ameuandika kwa kitu cha wizi? Tena iko hasara ya pili: ili kuivunja programu, fundi huanza kwa kumzima mlinzi aliyekuwapo, kisha hufungua faili lililotengenezwa na mtu asiyemjua. Wezi wengi huingia kwa mlango huo huo. Na kwa kuwa Defender yumo bila malipo, hapa umaskini hauwezi kuwa udhuru.

Wako lakini wenye haja ya kununua, kama nyumba yenye kompyuta kadhaa au ofisi ya shule. Hao na wasome kwanza leseni ni ya kompyuta ngapi, na ya nchi zipi, maana leseni nyingine hazifunguki nje ya eneo lake. Muda wake kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kuifungulia kompyutani. Jambo linalowasumbua wengi ni hili: fundi huandikisha leseni kwa barua pepe yake mwenyewe. Akihama kwenda Kahama au Mwanza, mwenye mali hawezi tena kuiendesha. Wengine huuziwa ufunguo mmoja uliokwisha kuwekwa katika kompyuta kumi, na kampuni ikigundua huufunga, naye aliyelipa kwa haki hupoteza fedha yake. Andikisheni kwa barua pepe ya nyumba yenu. Katika daftari la nyumbani mwandike jina la programu, idadi ya kompyuta, siku ilipofunguliwa na siku itakapokwisha. Kama mlilipa kwa kadi ya benki, tazameni kama kampuni itakata tena yenyewe mwaka wa pili. Mara nyingi bei ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza. Kompyuta ikiuzwa, au kijana akienda nayo chuoni, iondoeni kwanza katika akaunti ili nafasi yake irudi.

Leseni ikiisha nanyi hamtaki kuendelea, iondoeni programu yote, msiiache imesimama mlangoni bila kazi. Kisha fungueni Windows Security, yenye alama ya ngao, mhakikishe kwamba Defender ameamka.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilikoma kuitengeneza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yenu yaweza kupokea Windows 11, ipandisheni. Hilo halilipiwi, ila lataka bando kubwa. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kuweka nakala za rejista mahali pawili.