Kwetu, posti ya radio kwanza

Kuna ndugu wa Kasongo na Kabambare walio Ulaya wanaotaka kutuma nyumbani ekrani inayosema, kama Echo Show ya Amazon. Mimi nasema: wangoje kwanza. Chombo hicho kinataka umeme na intaneti kila saa. Alexa, sauti yake, inajua Kifaransa; Kiswahili haijui. Mama aliyekimbia Salamabila ataiuliza nini?

Afadhali posti ndogo ya radio yenye pano ya jua. Hiyo ndiyo inatangaza barabara iliyofungwa na mtoto aliyepotea, kwa luga yetu. Siku ya kukimbia tena, inaingia ndani ya kitambaa pamoja na unga.

Mbele ya kulipa, iwasheni: ikamate radio ya kwetu, ikubali na mapile ya kawaida.