Kiswahili Hakishindwi na Ribosomu

Katika kikao kimoja cha walimu mjini Lilongwe, ambako tulialikwa kuzungumzia ufundishaji wa Kiswahili, msomi mmoja alisimama akatuambia kwa upole kwamba Kiswahili ni lugha nzuri ya nyimbo, ya biashara na ya ibada, lakini kisijitie katika sayansi. Akatoa mfano: "Nani kati yenu awezaye kueleza kwa Kiswahili kazi ya ribosomu?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, na kwa kuwa muda wa kikao ulikwisha kabla hatujapewa nafasi, jibu letu tunalitoa hapa.

Ribosomu ni kiwanda kidogo mno kilichomo ndani ya chembe hai, yaani seli, na kazi yake ni kuunda protini. Maagizo ya kuunda protini yamehifadhiwa katika DNA. Nakala ya maagizo hayo huchukuliwa na tarishi aitwaye RNA, akaipeleka kwenye ribosomu. Nakala imeandikwa kwa herufi 4 tu, nazo husomwa tatu tatu, kila tatu zikiwa neno moja. Sehemu ndogo ya ribosomu husoma. Sehemu kubwa huziunganisha asidi amino, ambazo aina zake ni 20, moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, mpaka protini ikamilike. Wanasayansi wenyewe huiita kazi hiyo tafsiri. Herufi, neno, kunakili, kusoma, kutafsiri: waliotafuta istilahi za elimu hii walikuja kubisha hodi mlangoni mwetu sisi walimu wa lugha. Leo tunaambiwa kwamba tu wageni katika nyumba ambayo samani zake zimetoka kwetu!

Anayetaka ushahidi zaidi na ayatazame maisha ya Ada Yonath. Alizaliwa Jerusalem mwaka 1939 katika nyumba ya kimaskini, familia yake ikishiriki makazi na familia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kutafuta namna ya kuifanya ribosomu igande katika umbo la fuwele, ili ipigwe mionzi ya eksirei na ramani yake ichorwe. Wengi walimwona mwotaji wa ndoto. Fuwele za kwanza zilipatikana mwaka 1980, lakini mionzi ikawa inaziharibu, naye akabuni njia ya kuzigandisha kwa baridi kali. Ramani kamili ikaja kutolewa yapata miaka 20 baadaye, na mwaka 2009 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz.

Mama huyo alisomea lugha gani? Kiebrania, tangu shule ya watoto mpaka shahada zake za Chuo Kikuu. Nacho Kiebrania, mwaka 1913, kilitukanwa kama tunavyotukanwa sisi. Wakuu wa chuo cha ufundi kilichokuwa kikijengwa Haifa waliamua kwamba sayansi ifundishwe kwa Kijerumani, kwa kuwa Kiebrania hakikuwa na istilahi. Walimu na wanafunzi wakagoma. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1924 kilifundisha kwa Kiebrania. (Siasa za nchi ile ni jambo jingine, wala hatulijadili hapa.) Tutajibiwa kwamba Yonath aliziandika makala zake kwa Kiingereza, na kwamba Ramakrishnan alisoma India kwa Kiingereza. Ni kweli. Hakuna aliyesema mtoto asijifunze Kiingereza. Tunalolikataa ni kumlazimisha ajifunze lugha na elimu kwa pigo moja, kisha akishindwa lugha tukamhesabu kuwa ameshindwa elimu.

Jambo hilo huko Dzaleka si la nadharia. Kambi ile ya wilaya ya Dowa, yapata kilometa 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 inataka masomo yatolewe kwa Kiingereza. Mwalimu akikwama huongeza Kichewa. Mtoto aliyetoka Fizi hubaki akinakili ubao.

Jioni moja tulikaa na wanafunzi kumi na wawili wa namna hiyo tukawaeleza ribosomu kama tulivyoieleza hapo juu. Tukawakumbusha kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700, na dawa ya doksisaiklini waliyopewa wagonjwa: dawa hiyo hujibandika kwenye ribosomu ya bakteria na kuizuia isitafsiri. Msichana mmoja, ambaye tuliambiwa kwamba darasani hafungui kinywa, akauliza: "Mwalimu, kama ile dawa inafunga ribosomu ya kadudu, ya kwetu inabakia namna gani?"

Ndilo swali hasa! Ribosomu yetu na ya bakteria zina maumbile yanayotofautiana kidogo, na ramani za akina Yonath ziliwaonyesha watu mahali dawa inaposhika na kwa nini. Msichana yule alifika mlangoni mwa maabara kwa Kiswahili cha Kivu, bila neno moja la Kiingereza.

Lawama nyingine ni yetu. TUKI ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na ni wangapi kati yetu tumewahi kuifungua? Tunafundisha ngeli na methali, kengele ikilia tunafunga kitabu. Hata neno "tarishi" tulilolitumia hapa si la wote; wengine husema "RNA mjumbe". Wanachama na watuandikie lipi lishike. Na msomi wetu wa Lilongwe, tunamkaribisha Dzaleka Jumamosi yoyote saa tisa alasiri. Kiti kipo, na msichana yule ana maswali mengine mawili ambayo sisi bado hatujayajibu.