Uzuri wa Nchi Haupimwi kwa Majani Mabichi

Msomaji, ukiulizwa utaje mahali pazuri katika nchi ya Kenya, yamkini ulimi wako utakimbilia milimani. Utataja Kericho, Limuru au Nandi Hills: nchi za ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri, ambako mashamba ya chai yamefunika vilima mpaka upeo wa macho. Hukukosea. Mimi nami nimefika Kericho, na nakiri kwamba ni mji wa kupendeza. Lakini nina ugomvi na wazo moja linaloandamana na sifa hizo, yaani kwamba nchi ya kijani ndiyo nzuri, na nchi kavu si kitu. Wazo hilo ni la uongo. Tena si uongo wa bure. Katika Kajiado, ninakofundisha, tunaulipia kila siku, na malipo yake ni ardhi.

Nitakueleza jinsi nilivyolitambua jambo hili. Mwaka mmoja shule yetu ilifanya safari ya kwenda Kericho. Tuliondoka Kitengela kabla ya alfajiri, wanafunzi arobaini na walimu watatu. Tukapita Nairobi, tukateremka Bonde la Ufa, tukaziacha nyuma Naivasha na Nakuru, kisha tukapanda tena mpaka baridi ikaingia madirishani. Kwa watoto waliozaliwa katika mbuga za migunga na vumbi, ilikuwa kama kuingia nchi ya hadithi. Waliona vichaka vya chai vilivyokatwa sawasawa kama meza. Waliona wachumaji wenye vikapu mgongoni. Walisimama nje ya kiwanda wakavuta harufu ya majani yanayokaushwa. Alasiri mvua ilipoanza, walimu tulikimbilia basi. Wao walibaki nje wakicheka, wakaiacha iwanyeshee.

Juma lililofuata niliwapa insha ya kuandika: “Mahali pazuri nilipopata kupaona.” Karibu wote waliandika habari za Kericho, na hilo halikunishangaza. Lakini mwanafunzi mmoja, hodari wa lugha kuliko wenzake, alimaliza insha yake kwa maneno haya: “Kwetu hakuna kitu ila vumbi. Nikimaliza masomo nitamshauri baba auze shamba, tuhamie nchi nzuri.” Nilisahihisha nukta na mikato, nikaipa insha ile alama nyingi. Kisha nikaiweka kalamu chini. Niliona kuwa kosa kubwa katika karatasi ile halikuwa la mtoto, lilikuwa langu. Nilimpeleka safari ya siku nzima, nikamwonyesha rangi, nisimwonyeshe kitu kingine chochote.

Ningeweza kumwambia nini? Kwanza, ningemwambia habari za mkono. Mti wa chai haukuumbwa kuwa meza. Ukiachwa hukua ukawa mti mrefu kama miti mingine. Huwa mfupi na sawa kwa sababu watu wanaukata. Mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi lake, huyatupa kikapuni, hurudia tena na tena, huku amefunga plastiki kiunoni ili umande usimloweshe. Hulipwa kwa uzito wa alichokichuma. Baada ya wiki moja au mbili hurudi kwenye kichaka kilekile. Siku hizi hata kazi hiyo inagombaniwa, kwa maana mashine za kuchuma zimeingia mashambani. Mwaka 2023 hasira ya watu waliohofia kukosa riziki ilipanda hata mashine kadhaa zikachomwa moto katika Kericho. Basi mgeni anayepiga picha ya kilima na asiulize habari za mchumaji ameona nusu ya kilima.

Pili, ningemwambia habari za ardhi yenyewe. Vilima vile vilikuwa malisho na misitu ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliwatenga wenyeji katika maeneo yao na kuwagawia walowezi sehemu iliyo bora. Baada ya Vita Kuu ya kwanza maafisa wa jeshi la Uingereza walipewa mashamba huko. Walijaribu kulima kitani, wakashindwa. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikashika mahali pao. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ambao watu waliusikiliza kwa mambo ya dini na uongozi, ulitungiwa sheria yake peke yake, ukahamishwa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya malaria na mbung'o. Malalamiko ya mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2022 yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Ule ukijani, kwa hiyo, haukuteremka na mvua peke yake. Uliandikwa kwanza kwenye karatasi na watu wasiokuwa wenyeji.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ningemwamsha njiani. Tulipopita Naivasha na Nakuru wengi walikuwa wamelala, nami niliwaacha walale. Kumbe tulikuwa tukipita juu ya malisho ya babu zao. Mwaka 1904 Wamaasai walifanyiwa mkataba wa kuondoka katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi; wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba makubaliano yale yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Hayakudumu miaka kumi. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakasukumwa nao kusini, katika nchi ambayo leo ni Narok na Kajiado. Walikwenda mahakamani, mwaka 1913 wakaambiwa kuwa mkataba wa namna ile haukuwa jambo la mahakama kuamua. Hivyo ndivyo mbuga hii tunayoiita kavu ilivyokuwa kimbilio la mwisho. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye babu yake alitoka Laikipia na ng'ombe wake, aliniambia, “Mwalimu, sisi hatukuchagua vumbi. Lakini tulipofika tuliliheshimu, nalo likatulisha.”

Neno hilo, “likatulisha,” ndilo wanafunzi wangu hawakulisikia darasani. Labda nawe hukulisikia. Jina la Kajiado, kama wenyeji wanavyolieleza, latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Waliolitoa jina hilo walijua maji yanapopita hata siku ambayo mchanga ni mkavu. Na mbuga za Kitengela, ambazo msafiri wa Namanga huzipita akisinzia, zilikuwa nusu ya pili ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini uliachwa wazi kwa sababu maalumu: wakati wa kiangazi wanyama hukaa ndani kwenye maji ya kudumu, na mvua ikinyesha hutoka kwenda Kitengela na kwingineko kula nyasi fupi zenye lishe na kuzaa watoto wao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walikuwa zaidi ya elfu ishirini. Baada ya miaka thelathini hivi walisalia maelfu machache. Hawakuliwa na simba wote, msomaji. Walikuta waya.

Waya ulitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake na hati yake. Viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Shamba likakatwa likawa mashamba madogo, mashamba madogo yakakatwa yakawa ploti. Leo ukipita barabarani utaona mabango yanayotangaza ploti kuliko utakavyoona miti. Na hapa sina haki ya kunyosha kidole bila kukielekeza kwangu pia. Ninayo ploti Kitengela, futi 50 kwa 100. Niliinunua kwa mkopo wa mwalimu, nikaizungushia seng'enge siku ileile niliyopewa hati. Asubuhi moja mwaka huo wa kwanza nilikuta manyoya ya punda milia yamenasa kwenye waya. Niliyatoa kwa mkono, nikayatupa, nikaenda shuleni kufundisha.

Najua utakalonijibu. Utasema, “Mwalimu, chai inalisha watu.” Ni kweli, nami sikutukani chai. Kwa muda mrefu Mwafrika alizuiliwa kuipanda kwa biashara. Njia ilipofunguliwa kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1950, na Halmashauri ya chai yao ilipoundwa mwaka 1964, nyumba nyingi zilipata ada ya shule na bati la paa. Utasema tena, “Watu wa Kajiado wanauza ardhi kwa sababu ya shida.” Hilo nalo ni kweli. Ukame wa miaka iliyoishia 2022 uliwaacha wafugaji wengi wakihesabu mizoga. Mwenye mgonjwa hospitalini au mtoto aliyefukuzwa kwa ajili ya ada hawezi kuambiwa akae akitazama nyumbu. Simlaumu anayeuza kwa shida. Namlaumu anayeuza kwa dharau. Na dharau hiyo tunaifundisha sisi walimu, tunapowapakia watoto katika basi kila mwaka kwenda kusifu nchi za wengine, tusiwapeleke hata mara moja kuiona ya kwao.

Maana yapo ya kuona. Katika njia ya Magadi iko Olorgesailie, ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba mwaka 1942, na ambapo mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya karibu miaka milioni moja, yangali yamelala juu ya udongo palepale yalipoachwa. Mbele yake liko ziwa la magadi lenyewe, jeupe na jekundu, lenye heroe. Kusini iko Amboseli, na juu yake Mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi njema hujitokeza kwa wachungaji kabla haujafunikwa na mawingu. Na mvua ikishanyesha, hata mbuga ya Kitengela huwa kijani kwa majuma kadhaa. Ukijani ule hakuupanda mtu, wala hakuna aliyefukuzwa ili uote.

Utaniuliza, basi nifanye nini? Nenda Kericho ukipata nafasi. Lakini kila mahali utakapofika, pawe pa kijani au pa vumbi, uliza maswali matatu: Nani alikaa hapa kwanza? Nani anafanya kazi hapa, na anapata nini? Kitu gani kiliondolewa ili mahali hapa pawe kama ninavyopaona? Kisha rudi kwenu na uyaulize maswali hayohayo. Na kama baba yako ana ardhi, mwombe akuonyeshe mipaka yake, mikondo ya maji yake na njia za wanyama wake, kabla hujamwonyesha bei. Zipo njia nyingine kuliko kuuza. Mwaka 2000 ulianzishwa Kitengela mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio wala wasiuze, wanyama wapite. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa na familia zilizosomesha watoto kwazo, na zilithibitisha kwamba nchi iliyo wazi si nchi isiyo na kazi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wakipsigis walinyang'anywa vilima vyao na serikali yenye bunduki. Wamaasai walinyang'anywa Naivasha na Laikipia kwa mikataba waliyoandikiwa na wenye nguvu. Wajukuu wao wa Kitengela hawana gavana wa kikoloni anayewasukuma. Wanasukumwa na deni, na ukame, na neno dogo walilolipata shuleni, kwamba kwao hakuna kitu. Deni na ukame siwezi kukuondolea kwa insha. Lakini neno lile naweza kulipinga, nami nalipinga.

Siku moja dalali atabisha hodi kwenu akiwa na karatasi mkononi na gari limesimama nje. Ataitazama mbuga, ataguna, na atasema kwa upole kwamba hapa hakuna kitu. Ukiwapo siku hiyo, usimruhusu aseme hivyo mbele ya baba yako bila kujibiwa. Mtoke naye nje, mwonyeshe kila kilichopo, kimoja kimoja. Kisha ndipo mzungumze habari za bei, kama bado kuna haja.